Muulize mwenye duka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Ukitaka kujua mpendwa fulani ni mtu wa namna gani usiniulize mimi ninayekaa naye benchi moja kanisani. Mimi nitakwambia anaimba vizuri, anawahi ibada ya kwanza, akishika maiki kuomba hata watoto wanatulia. Hayo yote ni kweli na ni mazuri. Ila nenda kamuulize mwenye duka anakokopa unga, muulize mwenye nyumba wake, muulize dada wa kazi aliyeondoka pale kwake kama alilipwa mshahara wa mwezi wa mwisho, muulize bodaboda anayembeba asubuhi na kuambiwa kila siku "nitakupa jioni". Hao ndio wanaolijua jina lake.

Nasema hivi kwa sababu Paulo naye alisema, tena kwa uzito kuliko mimi. Akimwandikia Timotheo sifa za mtu wa kusimamia kanisa anataja nyingi, awe mume wa mke mmoja, awe na kiasi, ajue kukaribisha wageni, asiwe mlevi, asipende fedha, nyumba yake aisimamie vizuri, asiwe ameokoka juzi tu, halafu anamalizia na moja ambayo semina zetu za viongozi huwa zinaipita haraka haraka: "Tena imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje" (1 Timotheo 3:7). Walio nje jamani. Wazee wa kanisa hawatoshi, kwaya haitoshi, mama mchungaji hatoshi. Na kumbuka Timotheo alikuwa wapi wakati anaandikiwa, alikuwa Efeso, mji wa Artemi, mji ambao watu wengi walikula kwa sababu ya hekalu la sanamu. Kwa hiyo walio nje pale ni waabudu sanamu, ni wauza vihekalu vya fedha, ni watu ambao wangefurahi kanisa lifungwe kesho, na bado Paulo anasema hao nao wana neno la kusema juu ya nani awe kiongozi wenu.

Na Paulo alikuwa na sababu, maana huko huko Efeso jina jema liliwahi kuokoa maisha ya watu. Soma Matendo 19 taratibu. Demetrio mfua fedha aliona biashara ya vihekalu inayumba kwa sababu ya mahubiri, akawachochea mafundi wenzake, mji ukajaa ghasia, wakawakamata Gayo na Aristarko waliokuwa wanasafiri na Paulo wakawavuta mpaka uwanjani, wakapiga kelele karibu saa mbili nzima, Artemi wa Waefeso ni mkuu, Artemi wa Waefeso ni mkuu. Aliyetuliza ile hali ni karani wa mji, mtu ambaye hakuokoka, anajivunia Artemi kabisa, akasimama akawaambia watu hawa mliowaleta hapa hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wetu, kama Demetrio ana kesi mahakama ziko wazi aende. Watu wakatawanyika. Sasa hebu fikiria kama Aristarko angekuwa ameacha deni kwa mfua fedha mmoja pale sokoni, au Gayo alihama kwenye nyumba ya watu usiku bila kulipa kodi. Yule karani angepata wapi hilo neno la kuwatetea? Aliweza kuwatetea kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwashika nacho.

Huku mtaani kwetu mwenye duka ni Mwislamu, mzee wa makamo, tunaheshimiana naye sana. Ana kaunta buku lake la madeni, jalada limeshabanduka akalibana na gundi ya karatasi, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari ili isipotee. Ukikopa anaandika jina, kitu na bei, ukilipa anakata mstari mbele yako. Siku moja nasubiri chenji akaniambia bila hata kumuuliza, "mama, yule bibi wenu wa kanisani anayekuja na mjukuu, huyo mimi hata nikienda swala namwachia duka. Anachukua sukari yake anajiandikia mwenyewe. Na hela ikichelewa anakuja kuniambia kabla sijamuuliza." Nilisikia raha mpaka moyoni. Huyo bibi kanisani hana cheo chochote, anakaa nyuma karibu na mlango kwa sababu ya miguu, sijawahi kusikia jina lake likipendekezwa hata kwenye kamati ya usafi.

Halafu mzee akanyamaza kidogo akaongeza, "ila wengine wenu siku hizi wanapitia nyuma ya shule." Hakutaja mtu na mimi sikumuuliza. Lakini sisi wa huku tunaijua njia ya nyuma ya shule, ni ndefu, ina matope, ina mbwa, mtu hapiti kule kama hana sababu ya kuukwepa mlango wa duka.

Naomba nieleweke, kukopa sio tatizo langu. Maisha ni magumu, mshahara unachelewa, mtoto anaumwa katikati ya mwezi, hela haipo haipo. Kinachoua jina ni kule kukimbia. Mtu akija akasema shikamoo mzee, mwezi huu mambo yameniendea vibaya, chukua hii elfu tano nyingine nitakuletea tarehe fulani, huyo deni lake bado lipo ila jina lake liko salama kabisa, pengine limeongezeka. Lakini anayezima simu, anayebadilisha njia, anayemtuma mtoto aseme "mama hayupo" naye yuko chumbani, huyo anamfundisha mtoto uongo na kumfundisha mwenye duka kwamba wokovu wetu ni wa Jumapili. Na yule mzee akija siku moja akasikia mahubiri yetu ya spika yanayofika mpaka kwake, unafikiri atasikia nini? Atasikia sauti ya mtu aliyekopa kwake na hajalipa.

Sasa nije kwenye nyumba ya Mungu yenyewe, maana huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Wenzangu mnaosali kwenye makanisa yenye mnada baada ya ibada mtanielewa. Watu wameleta kuku, mayai, mkungu wa ndizi, maboga, mwenye mnada ana maneno matamu, kuku anaanzia elfu kumi anapanda, mtu anapaza sauti thelathini! watu wanapiga makofi, anachukua kuku wake anaondoka. Hela? "Nitaleta jioni mpendwa." Mwandishi anaandika. Jioni haiji. Mimi niko kamati ya fedha na lile daftari la mnada nalifahamu, kuna kuku waliliwa zamani sana na mifupa yake imeshaoza na hela bado. Na aliyemleta kuku ni mama aliyemfuga kwa shida akamtoa kwa Bwana. Wengi hata sio watu wabaya, ni kwamba tumezoea kuona ahadi ya kanisani ina uzito mdogo kuliko ahadi ya mtaani, kwa sababu kanisa halitumi mgambo. Na ahadi za ujenzi ni hivyo hivyo, na michango ya harusi ni hivyo hivyo, mtu anaandika laki kwenye kadi mbele za watu ili asikike, kamati inaenda kukodi viti na mapambo kwa kutegemea ile laki, halafu mwenyekiti wa kamati ndiye anabaki anasumbuliwa na mwenye viti.

Kuna habari moja kwenye 2 Wafalme 12 ambayo natamani ihubiriwe kila mwaka kabla ya uchaguzi wa viongozi. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wachukue fedha za watu watengeneze mabomoko ya hekalu. Mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake hakuna kilichotengenezwa. Biblia haisemi makuhani waliiba, inasema tu kazi haikufanyika na hela zilikuwa zinaingia, na ninyi mmeshakaa kwenye vikao mnajua hali kama hiyo inavyosemwa mitaani. Basi kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu upande wa kuume mtu akiingia. Hela zikiwa nyingi wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja, wanafunga kwenye mifuko, inaenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, waashi, wachonga mawe, wananunua mbao na mawe. Na mwisho kuna mstari unaonitoa machozi, kwamba wale wasimamizi waliopewa fedha za kuwalipa mafundi hawakuombwa hesabu kwa maana walitenda kwa uaminifu.

Ona jinsi ilivyopangwa. Walio juu, kuhani mkuu na ofisi ya mfalme, wanahesabu wawili wawili, hakuna anayesema mimi ni mtumishi wa Mungu niaminini. Na walio chini, watu wa saiti, watu wa nyundo na chokaa, ndio waliojenga jina mpaka hawadaiwi risiti. Sisi tumegeuza. Fundi anayejenga choo cha kanisa tunamkagua mpaka msumari, na sawa akaguliwe, ila mkubwa akiulizwa matumizi watu wanasema unamgusa masihi wa Bwana.

Pale kwetu sadaka inahesabiwa sakristia mara baada ya ibada, mlango wazi, watu watatu mezani. Noti zinapangwa uso upande mmoja, mia tano zilizokunjwa kunjwa zinanyooshwa kwa kiganja, sarafu zinapangwa kumi kumi, bahasha zinafunguliwa na namba inasomwa kwa sauti na mwingine anaandika. Wote watatu wanasaini. Kuna mzee kati yetu hakubali kabisa kubaki na lile begi peke yake hata kama mwenzake anaenda msalani tu, anatoka naye anamsubiri nje. Vijana wanamwona ana mambo ya kizamani, mimi namwona ana akili ya Paulo.

Maana Paulo alifanya hivyo hivyo. Alikuwa anachangisha makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, ni mtume, ametokewa na Yesu njiani, nani angemwuliza? Lakini anawaandikia Wakorintho kwamba anamtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, tena na wa tatu, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya hiyo karama, wakiangalia yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:21). Na safari ya kwenda Yerusalemu ilipofika, Matendo 20 inataja msafara mzima, Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia, na wengi waliosoma vizuri wanaona hao ndio walikuwa wawakilishi wa makanisa yaliyochanga. Aristarko ni yule yule! Yule ambaye karani wa Efeso alisema hajaiba kitu. Ungekuwa wewe unatafuta mtu wa kusindikiza hela za maskini ungemwacha?

Kwa hiyo mtu akiniambia Mungu anaujua moyo wangu, nami najibu ni kweli anaujua, ila jirani yako haujui, na Paulo anasema fikiria na jirani pia. Namba ya simu ya kupokelea sadaka ikiwa ni ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni malaika, hiyo ni kumwonea yeye mwenyewe, maana siku neno likizuka hana cha kujitetea nacho. Leo kupata lipa namba ya kikundi au ya kanisa sio kazi kubwa, akaunti inakuwa na watia saini zaidi ya mmoja, stetimenti inasomwa. Mchungaji anayekubali hivyo analinda hata watoto wake wasitukanwe shuleni.

Najua kuna wanaosema mambo ya jina ni kiburi, tusitafute sifa za watu. Na wana hoja, Yesu mwenyewe alisema ole wenu watu wote watakapowasifu, na kanisa la Sardi liliambiwa una jina la kuwa hai nawe umekufa. Kuna watu wanalilinda jina kwa kuficha, binti ameumizwa na kiongozi wanamwambia nyamaza usiaibishe kanisa. Hilo sio jina jema, hilo ni giza, na aliyeliaibisha kanisa ni aliyefanya, aliyesema hana kosa. Naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Na kuna mwenye haki anayechafuliwa bure, Yusufu alikimbia akaacha vazi na bado akafungwa kwa kosa asilofanya, na mtaa mzima wa Potifa pengine ulimwita mhuni. Kwa hiyo jina linaweza kuibiwa. Uadilifu wako hauibiwi, unaondoka pale unapouacha mwenyewe. Ila wengi wetu tunaolalamika kwamba tunasemwa sio akina Yusufu, tunasemwa kwa mambo yaliyoandikwa kwenye kaunta buku.

Na likishaharibika kuna njia ya kulirudisha, babu zetu wa imani waliijua. Uamsho ulioanza Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya mpaka Bukoba, wale walokole wa mwanzo walijulikana kwa jambo moja ambalo hata wasioamini walilishangaa, mtu akiokoka anaanza kuzunguka kurudisha. Anarudi kwa mwajiri na vitu alivyochukua, anaenda dukani kwa Mhindi na hela aliyoiba, anaenda kwa jirani na mbuzi. Aibu ilikuwa kubwa, wengine walihatarisha kazi zao, wangeweza kufungwa. Zakayo naye hakusema tu nimetubu, alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Sisi siku hizi tunatubu kwa Mungu peke yake kwa sababu Mungu hatudai hela, tunalia madhabahuni vizuri kabisa halafu mwenye duka hapati hata meseji.

Kuna gharama lakini, na sitaki kuwadanganya. Paulo alipofikisha zile hela Yerusalemu aliishia kukamatwa, akapelekwa Kaisaria kwa liwali Feliki. Feliki alikuwa anamwita mara kwa mara kuongea naye, na Matendo 24 inasema wazi kwamba alitarajia kupewa fedha na Paulo. Kitu kidogo tu. Ndugu na marafiki walikuwepo, wangechanga. Paulo hakutoa. Akakaa gerezani miaka miwili mpaka Feliki akaondoka akaja Festo, na Festo alipotaka kumpeleka kwa Kaisari akamweleza mfalme Agripa kwamba hana hata neno la hakika la kumwandikia bwana wake. Miaka miwili ya maisha ya mtume, makanisa yanamhitaji, na mlango ungefunguliwa kwa bahasha moja. Wale mnaosubiri leseni, kibali, hati ya kiwanja, ajira, na mnaambiwa "jiongeze", najua mnachopitia, mimi nimewahi kuona faili la ndugu yangu likikaa kwenye ofisi moja huku la mwenzake aliyejiongeza likipita, na inauma, na sina jibu la kuufanya uchungu huo uishe haraka.

Kwenye kamati yetu ya fedha sasa tuna mvutano kuhusu lile daftari la mnada. Wengine wanataka majina yasomwe kwenye matangazo Jumapili, watu waone haya walipe. Mimi nimepinga na nitaendelea kupinga kwenye kikao kijacho, kwa sababu Yesu alisema kwanza umwendee ndugu yako wewe na yeye peke yenu, na kwenye lile daftari kuna wajane, kuna aliyefukuzwa kazi wiki mbili baada ya kununua mkungu wa ndizi. Nimependekeza tugawane majina, twende nyumbani kwa kila mmoja wawili wawili, tukae, tunywe chai kama ipo, tuulize unaweza kulipa au kanisa likusamehe, tuandike jibu na wote tusaini, na kuanzia sasa kuku asitoke mikononi mwa mnadishaji kabla hela haijaingia. Mzee wetu wa sakristia amekubali kuwa mwenzangu wa kwanza. Tunaanza na jina lililo juu kabisa kwenye daftari, ambalo ni la mmoja wa wajumbe wa kamati yenyewe.